Uso wa Nyumba ya Wazee Usiwe Deni la Bi Harusi

Dada zetu wa visiwani, na nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku.

Sisi ni dada watatu, mafundi cherehani wa Kijenge, Arusha. Tunashona gauni za harusi, mashela, madera ya kina mama na mapazia. Kwa ajili ya hayo mapazia tunaingia nyumba nyingi za watu wiki chache kabla ya nikaha, tunapima madirisha, tunakalishwa, tunapewa chai, na tunasikia mengi. Bibi yetu mzaa mama kwao ni Unguja, kwa hiyo tukisema nanyi tunasema na ndugu.

Leo gauni tunaliweka pembeni. Tunataka kusema juu ya ugonjwa tunaouona ukizidi kila msimu wa harusi. Posa ikishakubaliwa tu, wanaume wa ukoo wanatoka, wanasimama barabarani, wanaiangalia nyumba ya wazee, wanatikisa vichwa. "Wageni watatuonaje?" Hapo hapo kamati inakaa. Kabla bi harusi hajachagua hata kitambaa, nyumba ya babu imeshapangiwa sura mpya: marumaru ukuta wa mbele, nguzo mbili za nakshi, geti la kuteleza, uwanja wote usakafiwe. Fedha zikipungua, macho yanamgeukia yeye. Si ana kibanda chake cha biashara? Si yumo kwenye vikoba?

Tunalipinga jambo hili. Nyumba ya wazee ina haki ya kupendeza, na tutaeleza chini namna ya kuipendezesha. Lakini kumkopesha bi harusi ili ukuta wa mbele ung'ae kwa saa mbili ambazo upande wa bwana harusi watakuwa uani, huo ni udhalimu uliovalishwa nguo ya heshima.

Tuna mteja wetu, binti wa Kijenge Juu. Ametupa ruhusa tuseme yaliyomkuta ila tusimtaje. Nyumba ya kwao ni ya zamani, bati la rangi ya kutu, mbele kibaraza cha saruji, pembeni mparachichi uliopandwa na babu yake. Harusi ilikuwa Shawwal ya 2024, na Shawwal mwaka ule iliangukia Aprili, katikati ya masika. Masika yale hakuna mtu wa Arusha aliyeyasahau.

Baba zake wadogo walitaka sura mpya. Kibaraza kikavunjwa kwa kuwa ni "cha kizamani". Mparachichi ukakatwa kwa kuwa unaangusha majani na unaficha nyumba. Uwanja ukalazwa vitofali kutoka getini hadi mlangoni, pasibaki hata kiganja cha udongo. Ukuta wa mbele ukabandikwa marumaru juu ya rangi ya zamani, na madirisha ya mbao yakang'olewa yakawekwa ya aluminiamu yenye vile vioo ambavyo mchana ukipita nje unajiona mwenyewe. Kaka zake waliahidi kuchangia. Ahadi zikabaki ahadi. Akatoa akiba yake yote ya vikoba, haikutosha, akaenda kwenye ile mikopo ambayo sisi wanawake wa bara tumeipa jina lake halisi: kausha damu. Jumla aliyotia kwenye uso wa nyumba ile ni shilingi 3,700,000.

Usiku wa hina mvua ikanyesha. Maji yote ya bati na ya uwanja hayakuwa na pa kuzama, maana udongo umezibwa, na fundi alikuwa ameulaza uwanja ukainamia nyumba badala ya kuinamia mtaroni. Yakaingia sebuleni kwa mlango wa mbele kama mgeni aliyealikwa. Tuliokuwa ndani tulisimama juu ya makochi, na mazulia ya kuazima yakalowa.

Hilo tulilicheka baadaye. La pili halikuchekwa. Wanawake wamevua mitandio, bi harusi amepakwa hina hadi mapajani, taa zote zinawaka, na mapazia mazito hatujayatundika kwa sababu mwenye nyumba alisema vioo vile havionyeshi ndani. Mchana havionyeshi, ndiyo. Usiku taa ikiwashwa ndani na nje kukawa giza, mambo yanageuka: wewe uliye ndani unajiona mwenyewe kiooni, na wa nje anakuona wewe. Mtoto mdogo ndiye aliyekuja kutuambia kuwa vijana waliojikinga mvua geti la pili wanatazama kama sinema. Kina mama waliokuwa mule ndani hadi leo hawapendi kukumbushwa. (Na tuseme ukweli wetu: sisi tunauza mapazia, madirisha makubwa ni riziki yetu. Bado tunawaambia, dirisha la mbao la babu lilikuwa na sitara kuliko lile.)

Mwezi wa nane marumaru zikaanza kubanduka. Ukuta ule ulikuwa umekunywa maji kwa miaka kutoka chini, na mtu akiufunika ukuta mbichi hajauponya, ameufunga mdomo tu. Na deni? Wadai walimfuata kwa mumewe, mlangoni kwa mkwe, mbele ya wifi zake. Aliuza bangili za mahari yake. Mahari ambayo Allah amempa yeye peke yake, isiyo ya baba wala ya kaka, ikaishia kuwa gundi ya marumaru.

Tena kuna swali ambalo hakuna mwanakamati aliyeliuliza: nyumba ile ni ya nani? Babu alifariki, baba yake akafariki, na mirathi haijafunguliwa hata moja. "Ni ya ukoo," wanasema. Kwa hiyo ametia milioni tatu na ushee kwenye nyumba ambayo hana karatasi hata moja inayomtaja, na siku ya kuuzwa kiwanja atasikia kwenye simu kama jirani.

Nyinyi wa Unguja mnalijua jambo la uso na mwili wa nyumba kuliko sisi. Mnalo Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga 1883, na uso wake ule wa roshani ndefu na nguzo umepigwa picha na kila mgeni aliyeshuka Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo ikaporomoka, tena likiwa katika ukarabati. Hatusemi tunajua kila sababu, sisi si wahandisi. Tunasema kwamba uzuri wa mbele haukuweza kulishika. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na wazee wa huko watakuambia habari ile ile kila kona: nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa kama mtu anavyopumua. Akija mtu na saruji ngumu, akaupiga lipu ukuta wa chokaa uonekane laini na mpya, unyevu unakwama ndani, na chokaa inaliwa taratibu nyuma ya lipu jipya. Nje inang'aa, ndani inakuwa unga.

Nyumba zetu za Kijenge si za matumbawe. Nyingi ni za tofali za saruji, na zile za zamani zaidi ni za miti na udongo zilizopigwa lipu. Lakini maji ni yale yale. Mvua za mlima Meru hazichezi, na sisi tulio kwenye mteremko tunapokea ya kwetu na ya wa juu yetu.

Sasa tunajua mtaleta hoja, maana tumeletewa. Mtasema Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ndiye aliyesema. Kweli kabisa, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Lakini isomeni yote. Yalikuwa mazungumzo juu ya kibri. Mtu aliuliza kuhusu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, akajibiwa kuwa hilo si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Sasa tuwaulize wajomba: binti anapodhulumiwa akiba yake, haki imekubaliwa au imekataliwa? Kibaraza alichokalia babu na majirani zake miaka yote kinapoitwa aibu, nani amedharauliwa? Hatuna ugomvi na uzuri. Tuna ugomvi na fahari inayolipiwa na asiyeulizwa. Na katika Suratul Israa wafujaji wametajwa kuwa ni ndugu za mashetani. Ayah hiyo tunaisoma kwenye kila mawaidha ya harusi, kisha tunatoka nje kwenda kukagua nguzo za nakshi.

Mtasema tena, mgeni ana haki. Anayo. Haki ya mgeni ni njia isiyomtegua mguu, mahali pa kukaa, maji safi, chakula cha halali na uso mkunjufu. Kuondoa chenye kudhuru njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani, na sijui, dada zetu, kama kuna kazi ya mbele ya nyumba iliyo na thawabu iliyotajwa wazi kama hiyo. Fagia. Toa chupa zilizovunjika. Ziba shimo lililo mbele ya geti. Hayo hakuna anayeyapigia picha.

Mdogo wetu wa mwisho aliposwa, na sisi tulijaribiwa vile vile. Nyumba ya mama yetu haikuwa na hali nzuri, tusidanganyane. Rangi imebanduka kama ngozi ya mjusi, mlango umepauka, geti lina kutu, bogenvilia imepanda hadi kwenye nyaya. Kaka yetu mkubwa akaja na fundi mwenye karatasi ya hesabu. Tukaipokea ile karatasi, tukashukuru, tukaitumia kukatia ruwaza ya mkono wa gauni.

Tulianza juu. Kaka tulimpa ngazi, apande atoe majani kwenye gata, na pale ilipotoboka akaiziba. Hii ni kazi ya kwanza kabla ya rangi yoyote, kwa sababu ile mistari ya kijani na nyeusi mnayoiona kwenye kuta za zamani mara nyingi ni maji ya gata mbovu yanayotiririka ukutani. Ukipaka rangi bila kuziba gata, umenunua rangi ya mvua moja. Bati lenye kutu likasuguliwa kwa brashi ya waya, likapakwa rangi ya kuzuia kutu kisha nyekundu ya kawaida.

Halafu tukashuka chini kabisa, na hapa tuwaambieni jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Nyumba ikikaa miaka mingi, udongo wa nje unapanda. Kila mtu anafagia kuelekea ukutani, kila mwaka mama anaongeza kifusi, maua yanawekewa mboji, mpaka udongo unafunika msingi na kugusa ukuta wenyewe. Kwa mama ulikuwa umepanda karibu shibiri mbili. Ukuta ulikuwa unanyonya maji kama kitambaa cha pamba kilichotumbukizwa pindo kwenye beseni. Tukachimba, sisi na majirani, tukautoa ule udongo kuuzunguka ukuta wote wa mbele, tukaacha mteremko unaotoka nyumbani kwenda mtaroni, na mahali pa maji tukamwaga kokoto. Siku mbili za majembe, ugali na maharage. Zile kokoto hazikutoka dukani, zilibaki kwa jirani aliyemaliza kujenga, akasema chukueni.

Ukuta tukaukwangua, tukauosha, kisha tukauacha. Wiki mbili hatukuugusa. Watu walipita wakisema tumeishiwa. Ilikuwa Februari, jua la Arusha kabla ya masika, na ukuta ulikauka hadi ukageuka rangi. Ndipo tukapaka rangi ya maji, nyeupe iliyotiwa njano kidogo, na chini kama mita moja tukapaka kahawia iliyokolea, kwa kuwa mvua ikinyesha tope linaruka. Rangi ya mafuta tuliikataa kwa ukuta. Inang'aa, lakini ukuta wenye unyevu ukiufunika kwa mafuta utatoa malengelenge. Mafuta tuliyaacha kwa geti.

Mlango! Kamati ilisema mlango wa babu utupwe, uletwe wa chuma. Ule mlango ni mbao nzito ambayo leo ukitaka ya namna hiyo utalia. Mdogo wetu mwenyewe aliupiga msasa jioni tatu, tukaupaka vanishi, na ukatoka na mistari ya mbao ambayo hata mama alikuwa hajaiona tangu aolewe. Nyinyi mnaotoka kwenye mji wa milango ya nakshi hamhitaji kuelezwa thamani ya mlango, sisi tulihitaji.

Bogenvilia tukaipunguza, hatukuing'oa. Kutoka getini hadi mlangoni tukapanda masale pande mbili, maana yanaota kwa kijiti tu, na kwa majirani zetu Wachagga sale ni mpaka na ni alama ya amani, kwa hiyo mgeni anayejua amekaribishwa kabla hajabisha hodi. Kibaraza tukakisugua, nyufa tukaziziba, tukashona mito ya vipande vilivyobaki vya mapazia. Taa moja juu ya mlango. Na kile kibao cha namba ya nyumba kilichowekwa wakati wa anwani za makazi 2022, ambacho mteja wetu wa Kijenge Juu walikifunika kwa marumaru na dereva wa keki akazunguka mtaa mzima, sisi tulikiosha kikasomeka.

Gharama yote, rangi, msasa, vanishi, brashi na chakula cha waliosaidia, ilikuwa shilingi 340,000. Tulichanga sisi watatu, kaka na mama mdogo. Bi harusi hakutoa senti.

Wageni walikuja. Wanaume walikaa kibarazani na uwanjani chini ya turubai, wanawake wakawa ndani, hakuna aliyechungulia mtu. Hii ndiyo kazi ya baraza, na ndiyo maana waliojenga pwani waliliweka nje ya mlango: mwanamume mgeni anapokelewa kwa heshima, kahawa inamfikia, na mwenye nyumba wa kike anabaki na sitara yake. Mnavunja baraza ili muweke nguzo, kisha mnashangaa wanaume wanasongamana sebuleni na nyinyi mmejificha jikoni.

Lakini kabla hatujachukua jembe tulifanya jambo moja ambalo lilituletea maneno kuliko rangi. Tulikaa na kaka na mama tukauliza habari ya mirathi ya baba. Baba alikuwa ameondoka miaka sita, nyumba bado kwa jina lake. Kaka alikasirika. Alisema tunaleta habari za kifo kwenye habari za harusi. Mama naye alinyamaza, na kunyamaza kwake kulituumiza zaidi. Tukasema Suratun Nisaa haikuacha nafasi ya aibu: wanaume wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, na wanawake wana fungu, yawe machache au mengi. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake. Kaka ana mafungu mawili, kila mmoja wetu fungu moja, na hatudai zaidi ya hapo. Tunachodai ni yaandikwe.

Kwenu Zanzibar kuna Mahakama ya Kadhi. Huku kwetu mirathi ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi, mahakama inamteua, na yeye ndiye anayekusanya mali, analipa madeni na kugawa. Si mambo ya kugombana, ni mambo ya foleni na karatasi. Msimamizi wetu ni mama mdogo. Tulichukua miezi mitano, na mwisho kaka ndiye aliyekuwa anatukumbusha tarehe za kwenda.

Kwa hiyo bi harusi, kamati itakapokuja kwako na karatasi ya marumaru, waulize kwanza karatasi ya mirathi iko wapi. Kama ipo na fungu lako limo, na una fedha isiyo ya riba wala ya mahari yako, na moyo wako umeridhia, toa unachotaka, ni nyumba yako pia. Kama haipo, wape brashi ya waya.

Yule binti wa Kijenge Juu amebakiwa na marejesho ya miezi miwili. Wiki iliyopita alikuja dukani na kipimo cha dirisha la sebule ya kwao, anataka mapazia mazito ya usiku, ya kulipa kidogo kidogo. Tumemwambia alete vile vipande vya mitandio mikubwa alivyonavyo, tutatia bitana, asilipe kitu. Na mama yake amepanda mche wa parachichi pale pale kwenye kisiki, amevunja vitofali vinne kuupatia nafasi.